Mbawakawa wa Ustadh Athman

Kopenhagen
3 Machi 2024

Kwa Baba yangu mpenzi, Ustadh Athman,

Assalaam alaykum, na shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Parklands, goti limetulia, na Shangazi Mwanasha bado anakugombeza kwa sukari unayotia kwenye chai. Mimi sijambo. Baridi ya huku imeanza kulegea, ingawa bado natoka na soksi mbili mbili.

Unaona nimeandika kwa karatasi. Sijasahau sheria yako: simu ni ya msiba na ya kupokea mgeni uwanja wa ndege, mengine yote yaandikwe, maana neno likishatoka mdomoni halirudi, lakini barua mtu anaweza kuichana kabla hajafika posta. Hii sitaichana.

Baba, nina zawadi yako. Unakumbuka likizo yangu ya mwisho, miaka miwili iliyopita, nilivyokuwa nikishinda Dagoretti kwao Jackie, yule niliyesoma naye chuo kikuu? Kuna siku nilirudi nanuka mpaka Shangazi akaninyima mlango, akanirushia kanga nivalie ngazini. Siku hiyo nilikuwa nimepata mbawakawa ambaye sikuweza kumtambua. Ni wa ukoo mmoja na wale wadudu wa Nairobi fly wanaounguza watu shingoni mvua zikinyesha, ila huyu haunguzi. Ni mdogo kuliko punje ya mchele, mweusi, miguu myekundu, na mabawa yake ya juu ni mafupi kama koti lisilofika kiunoni. Ukimgusa anainua mkia kama anakutisha. Nilikuja naye huku kwenye kichupa cha spiriti.

Kumweleza mdudu mpya si kumwona tu, Baba. Nimemkalia kwa darubini muda wote huu. Nimehesabu vipingili vya papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani, nimempima kichwa, nimemchora miguu yote sita, na nimempasua nitazame viungo vyake vya uzazi, maana ndugu hawa wanafanana sana na hapo ndipo wanapotofautiana. Utanisamehe kwa kuliandika hilo kwako. Mwisho nikaamini kwamba hakuna kitabu kinachomtaja.

Sasa desturi yetu ni hii: wa kwanza kumweleza mdudu ndiye anayempa jina, na jina likishachapishwa halibadilishwi, hata mwenyewe akijuta. Na mimi nimempa lako. Anaitwa athmani. Popote duniani mtu atakapomwandika huyu mdudu, atakuandika wewe.

Najua mwezi ujao kamati ya msikiti inakufanyia dua ya miaka arobaini ya ualimu, na mimi sitakuwepo. Nafasi ya kuja sikupata. Mwalimu wangu wa hapa makumbusho alitaka ningoje kwanza, nilinganishe na vielelezo vya zamani vilivyo kwenye makumbusho mengine. Nikamwambia babangu ana dua yake mwezi wa nne, na sitaki afike mikono mitupu kutoka kwangu. Nimekuwekea makala yenyewe humu ndani. Ni ya Kiingereza, lakini picha utaiona.

Nisalimie Shangazi.

Mwanao akupendaye,
Rumaisa


Parklands, Nairobi
26 Machi 2024
Mwezi 15 Ramadhani

Kwa mwanangu, kipenzi cha macho yangu, Rumaisa,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu nyingi kama mvua hizi za Machi, sisi hapa tu wazima, saumu inatupeleka vyema, na tunakuombea saumu yako huko ambako jua halieleweki. Goti ni lile lile. Shangazi yako ndiye anayeniuma zaidi.

Barua yako ilifika Jumatatu ya wiki iliyopita. Nimeisoma mara ngapi sijui. Niliisoma pale pale posta ya Kenyatta Avenue nimesimama, watu wananipiga vikumbo, na sikujali. Mtoto niliyemfundisha alifu kwa kijiti mchangani leo anavipa viumbe majina! Hiyo ndiyo heshima aliyopewa babetu Adam, akafundishwa majina. Nililia, na sioni haya kukwambia.

Shangazi yako aliitazama picha akasema, "Makubwa! Mwanao amekupa mende." Nikamwambia si mende, ni mbawakawa, na wewe hata kunguni hajapewa jina lako. Amenuna mpaka leo, na kwenye futari ananipunguzia kaimati.

Binamu yako Naeem, wa duka la simu pale Luthuli, amenichapishia picha kubwa kama sinia. Nimewaonyesha wote. Nilisimama baada ya tarawehi nikaitangaza, na Mzee Zuhair, ambaye kazi yake barazani ni kutia kila kitu dosari, akaomba aione tena. Watu wananiuliza, Ustadh, mwenzio anakula nini? Nawajibu, majani, kama kiumbe yeyote mstaarabu. Wananiuliza anakaa wapi. Nawaambia Dagoretti, mashambani, chini ya miti.

Sasa sikia. Kamati imekubali makala yako isomwe siku ya dua, Jumapili tarehe 21 Aprili. Watakuja mashekhe wa misikiti mingine, mpaka wageni wa Mombasa. Naeem ataisoma kwa Kiswahili. Amesema, "Ami, hiyo English ni ngumu lakini nita-try." Nilimwambia aipitie kwanza nyumbani, akasema ataipitia. Mimi sikutaka kuichunguza, mwanangu ameiandika, nichunguze nini?

Ningependa uwepo. Lakini jina litakuwepo, na hilo si haba.

Mungu akukuze, akuepushe na jicho.

Ni mimi babako,
Athman


Parklands
23 Aprili 2024

Kwa Rumaisa,

Assalaam alaykum. Hapa tu wazima.

Dua ilifanyika juzi. Ukumbi ulijaa, wanawake nyuma ya pazia, wanaume mbele, na mimi nimekalishwa kwenye kiti chenye kitambaa cha kijani. Baada ya Qur'ani akaitwa Naeem. Alianza vizuri. Alisoma jina lako, watu wakasema mashaallah. Alisoma jina la mdudu, wakasema Allahu akbar. Alisoma papasi, kichwa, miguu. Kisha akafika mahali panapoelezwa mdudu alipatikana wapi. Hakuwa ameipitia nyumbani. Akasoma kama alivyoiona: "Alipatikana ndani ya mavi ya nguruwe, Dagoretti. Huishi humo na kuzaana humo."

Alipomaliza ndipo akajisikia mwenyewe alichosema. Akanitazama. Ukumbi mzima ukanitazama.

Mimi ni mwalimu wa tohara, wa usafi wa ibada, Rumaisa. Miaka arobaini nimesimama mbele ya watoto wa watu nikiwaambia nguruwe ni najisi nzito, akikugusa na unyevu wake uoshe mara saba, moja kwa udongo. Nusu ya wanaume waliokuwa ukumbini nimewafundisha mimi, kwa fimbo. Na nusu hiyo ndiyo iliyoanza kucheka. Walijaribu kujizuia, wakakohoa, wakashika midomo, lakini kicheko cha msikitini ni kibaya kuliko cha harusini. Mwenyekiti akasema, "Tuendelee na dua." Sikuisikia dua yangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jana watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakinong'ona "Ustadh wa zizi". Nilisikia. Sikumpiga mtu.

Wewe hukujua? Umelelewa nyumba hii. Umekula sahani moja nami. Ulikaa siku zote hizo ukilitafuta jina la kumtia mdudu wa mavi ya nguruwe, ukaliona langu, na moyo wako haukushtuka hata kidogo?

Kama kuna njia ya kulitoa, litoe.

Babako


Kopenhagen
11 Mei 2024

Kwa Baba yangu,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Naandika nikijua sistahili kukuuliza habari za goti, lakini nauliza. Nauliza na shinikizo la damu, maana Shangazi ameniambia kwa simu kwamba umerudi kwa daktari. Nilimwomba akupe simu akasema, "Babako yuko kwenye sala." Ilikuwa saa nne asubuhi, Baba. Nimeelewa.

Barua yako ya Machi na ya Aprili zilinifikia wiki moja. Ya Machi niliisoma nikicheka kwa kunguni wa Shangazi, nikafika pale uliposema makala itasomwa, nikatazama tarehe kwenye ukuta. Siku ilikuwa imepita. Nilikaa chini jikoni, sakafuni, na koti langu la baridi bado mwilini.

Umeniuliza kama sikujua. Nilijua kwa macho, sikujua kwa moyo. Huku nafanya kazi na watu ambao mavi kwao ni makazi tu, kama vile kusema msitu au mto. Mavi ya tembo, ya kondoo, ya nguruwe, tunayaandika kwenye lebo tukinywa kahawa. Nilipoandika ile lebo sikumwona nguruwe. Nilimwona mdudu mzuri, na mtu mzuri niliyetaka kumpa. Sikuviweka pamoja hata siku moja. Hilo ndilo linalonitia haya kuliko kicheko cha watu: kwamba nimekaa mbali mpaka kitu ambacho mtoto wako wa darasa la kwanza angekiona, mimi daktari mtarajiwa wa wadudu sikukiona.

Kulitoa jina siwezi. Nimeuliza, nimeomba, nimechekwa kidogo. Sheria haitambui kujuta. Njia iko moja tu: ikijulikana kwamba mtu mwingine alishamweleza mdudu huyu zamani, basi jina lake ndilo la haki na langu linabatilika. Lakini nilitafuta kabla ya kuandika, na sikuona.

Nipige kwa maneno, Baba, lakini niandikie.

Mwanao,
Rumaisa


Parklands
14 Julai 2024

Kwa mwanangu Rumaisa,

Wa alaykum salaam. Ama baada ya salamu, najua nimekunyamazia miezi miwili. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na haya, na mtu mwenye vyote viwili hashiki kalamu. Sasa goti limepoa na hasira nayo imepoa, kwa hiyo keti uisome kwa utulivu.

Sikufichi. Nilihama baraza, nikawa naswali msikiti mwingine huko Ngara nisikojulikana. Shangazi yako akachoka. Alhamisi akaniambia, "Athman, umefungwa na mdudu ambaye hata hujamwona. Si uende ukamtazame usoni?" Akampigia Naeem, ambaye tangu ile siku ya dua hupita mbele yangu kama paka aliyeiba samaki. Naeem akaja na gari lake. Nilivaa viatu vizito. Nisamehe, nilikwenda nimwone halafu nimponde.

Tulifika kwao Jackie, juu ya soko la Dagoretti. Mama yake, Mama Virginia, mwanamke mnene mcheshi aliyevaa gambuti, akatufungulia geti. Akanitazama kanzu, akatazama zizi, akafahamu kuna jambo. Akasema, "Karibu mzee. Wewe ndio baba ya Rumaisa? Huyo msichana alikuwa anakuja hapa na kijiko anakoroga mavi siku mzima, mimi naambia Jackie, huyu rafiki yako anapenda kazi kuliko wewe." Akaniletea kiti nje ya zizi, upande upepo unakotoka, na soda. Akasema, "Hiyo soda imetoka duka sasa hivi, ufungue wewe mwenyewe. Na usiogope hawa, hawaumangi mtu." Adabu ya yule mama, Rumaisa. Nilikwenda kwake na kiatu cha kuua na yeye ananichagulia upande wa upepo.

Nilimwambia nimekuja kumwona mdudu. Akaingia na koleo, akageuza lundo la zamani kando ya ukuta, akaniita. Nilikunja kanzu mpaka magotini. Naeem akaniangazia kwa simu. Na nikamwona. Mweusi, miguu myekundu, koti fupi, kama ulivyoandika. Akainua mkia kunitisha mimi, mzee mzima!

Nikainua kiatu. Wakati huo huo yule mdudu akamrukia funza, funza mnene wa nzi, mkubwa kumpita yeye, akamkamata shingoni akamburura. Nikateremsha kiatu nikaendelea kutazama. Alimla wote. Akaenda akatafuta mwingine. Nikamwuliza Naeem, kwani hali mavi? Akaisoma makala yako upya, safari hii polepole, akasema, "Ami, hapa imeandikwa hakulangi mavi. Anakula mabuu ya nzi." Nikamwuliza, na siku ya dua kwa nini hukulisoma hilo? Akasema, "Ami, wewe ulikuwa umeniangalia vibaya."

Mwanangu, mimi nafundisha tohara kwa maneno. Huyu anaifanya kwa meno, mahali ambapo mimi singethubutu kutia kidole. Nilikaa pale mpaka adhuhuri ikakaribia. Mama Virginia alifikiri naumwa.

Nyumbani niliviosha viatu mara saba, moja kwa udongo, kwa sababu fiqhi ni fiqhi. Lakini siku ya pili nilirudi msikitini kwangu, na darasani nikawafundisha watoto najisi na tohara yake, na katikati ya somo nikawaeleza habari ya mbawakawa anayeitwa jina la mwalimu wao na kazi anayoifanya. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliuliza kama na yeye anaweza kupewa mdudu. Barazani Mzee Zuhair alianza maneno yake, nikamwambia, "Zuhair, wewe umemsafishia nani?" Picha imerudi sebuleni, na shangazi yako ameitilia fremu.

Basi usihangaike kulitoa. Liache. Nilikuandikia kwa hasira, na sasa nakuandikia kwa akili: nalitaka.

Nisamehe kwa ukimya.

Babako akupendaye,
Athman


Kopenhagen
20 Julai 2024

Kwa Baba yangu,

Assalaam alaykum, shikamoo. Namwomba Mungu uwe salama. Posta haijaniletea kitu tangu Mei, na simlaumu postamasta. Mwezi uliopita Shangazi aliniambia kwa simu kwamba umeacha kukaa barazani na kwamba unaswali Ngara. Mtu aliyeswali msikiti mmoja tangu sijazaliwa. Tangu aniambie hivyo silali vizuri.

Baba, nimelitoa jina.

Nilikwambia njia iko moja tu. Niliifuata. Niliandikia makumbusho mengine, nikaomba waniazime kila mbawakawa wa aina hii aliyewahi kuokotwa Afrika Mashariki, hata walioandikwa chini ya koo nyingine, wale ambao mwalimu wangu alitaka niwangoje na mimi nikakataa. Mwezi huu likaja sanduku. Ndani mlikuwa na jike mmoja kwenye pini, aliyeokotwa kando ya reli, Kikuyu, mwaka 1908. Aliyemweleza alikuwa mtaalamu wa Ulaya ambaye hakuwahi kukanyaga kwetu, aliletewa kwa meli. Alimweka ukoo usio wake, ndiyo maana sikumwona. Alimpa jina la Kilatini ambalo maana yake ni "mwenye miguu myekundu", basi.

Nilimweka chini ya darubini, na yule wako kando yake. Niliwatazama mpaka macho yakatoa machozi. Ni yule yule.

Nilifurahi, wallahi nilifurahi, halafu haya ikanishuka kuanzia kichwani. Mdudu wangu wa kwanza si mpya. Niliharakisha, nikatangaza, nikamvika baba yangu kitu ambacho si changu kutoa. Ningeweza kulirudisha sanduku nikanyamaza. Hakuna ambaye angelifungua tena kwa miaka mingi. Lakini ningekuwa nimekuacha zizini, tena kwa uongo.

Kwa hiyo nimeandika makala fupi ya kujisahihisha, na jarida limekubali. Itatoka mwanzo wa Agosti. Nilipompelekea mwalimu wangu hakunikaripia, alinivutia kiti. Wenzangu wamekuwa wapole mno, mmoja ameniachia keki mezani. Afadhali wangenicheka. Mwenye kosa akipewa keki hajui aitie wapi.

Haidhuru. Jina lako limetoka kwenye zizi, Baba. Haya sasa ni yangu peke yangu. Rudi msikitini kwako.

Mwanao,
Rumaisa


Kopenhagen
12 Agosti 2024

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Shikamoo.

Barua yako ya Julai imenifikia Ijumaa. Makala yangu ilikuwa imetoka wiki moja kabla. Nilisoma ulivyokunja kanzu, nikasoma "nalitaka", nikaikunja barua nikaiweka, nikaifungua tena nione kama nimesoma vibaya.

Hata kama ingefika mapema nisingeweza kulificha lile sanduku, unajua. Lakini ningekwambia kwa taratibu. Ningekuandaa. Sasa nimekunyang'anya kitu ulichokwenda kukipenda kwa miguu yako.

Na hata kubatilika kwenyewe si kufutika. Kwetu jina lililoanguka halitupwi. Linaandikwa chini ya lile la haki, kwa herufi ndogo, daima. Kila atakayemtafuta mdudu yule atalikuta kosa langu limewekwa hapo.

Nilikuwa nimepanga kuja Disemba. Sitakuja. Nimekuaibisha kwa kukupa, nimekuaibisha kwa kukunyang'anya. Sina uso wa kukutazama wewe, wala Shangazi na fremu yake. Niache kwanza nimalize masomo, nipate kitu cha kuja nacho.

Nisamehe.

Rumaisa


Parklands
5 Septemba 2024

Kwa mwanangu Rumaisa,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Ama baada ya salamu, hapa kuna baridi ya kiangazi chetu hiki cha mawingu, goti linalalamika, na sukari nimepunguza. Shangazi yako ameshinda vita na anatangaza.

Barua zako mbili posta ilizikalisha, zikanifikia siku moja. Kwa uzee wangu nikaanza na ya Agosti, nikajua mwisho kabla ya mwanzo.

Sitakwambia sikuona haya. Niliona. Jumamosi nilisimama mbele ya darasa nikawaambia watoto kwamba yule mbawakawa haitwi tena jina la mwalimu wao, kwamba alikuwa na jina lake tangu babu zao hawajazaliwa. Wakauliza, nani amelitoa? Nikasema, mwanangu. Wakauliza, mbona amemtoa babake? Nikasema, kwa sababu haikuwa kweli. Nikawaruhusu waende nyumbani mapema. Na barazani Zuhair alikuwa amejiandaa. "Ustadh," akasema, "kumbe hata zizi limekukataa!" Walicheka wote. Nikacheka nao, nikarudi nyumbani nikajifungia chumbani, na magharibi niliiswali peke yangu.

Ulifanya la haki. Ungelificha lile sanduku nami nikaja kujua, hapo ndipo ningekukataa. Hilo limekwisha, tusilirudie.

Lakini kuna kitu nataka kukwambia. Jana Naeem alikuja na makala yako mpya kwenye simu. Nikamwambia nionyeshe hizo herufi ndogo anazozililia binamu yako. Akazikuza kwa vidole. Juu lipo lile jina la Kilatini la yule bwana. Chini yake imeandikwa athmani, na mbele yake imeandikwa tena Athman, halafu mwaka. Nikamwuliza, mbona wameniandika mara mbili, aibu moja haikutosha? Naeem akasema, "La pili si wewe, Ami. Ni Rumaisa Athman. Mdudu huandikwa na jina la mwenye kumwita."

Nilikuwa sijui. Hukuniambia, na mimi kwenye picha sikuangalia maandishi. Tangu siku ile ya dua nilidhani umenichukua ukaniweka mle zizini peke yangu, wewe umesimama mbali, safi, na koti lako la baridi. Kumbe ulikuwa kando yangu tangu siku ya kwanza. Niliponung'unika ulikuwepo. Nilipohamia Ngara ulikuwepo. Na sasa wametuteremsha, wametuteremsha pamoja.

Nilimwambia Naeem anichapishie karatasi hiyo. Akasema, "Ami, lakini hiyo ni ile ya makosa." Nikamwambia achapishe.

Sasa unaniandikia ati huna uso wa kuja. Uso huo nimeuosha mimi ulipokuwa huna jino hata moja. Haukuwa wako wakati huo na si wako sasa, hadi useme unaupeleka wapi na hauupeleki wapi. Unataka kupata kitu cha kuja nacho? Nani amekuomba kitu? Kwenye dua yangu waliletwa mashekhe wa Mombasa, lilisomwa jina langu kwa sauti mbele ya watu wote, na mimi nilikuwa nautazama mlango.

Njoo Disemba. Tarehe mwambie shangazi yako kwa simu. Mimi nitajifanya sijui.

Babako,
Athman